Kuku Aliyekuja na Beringi

Wiki iliyopita beringi ya mashine yangu ya kusaga ilikufa katikati ya debe la mahindi, kwa kelele ambazo nina hakika zilisikika mpaka Nakonde, ng'ambo ya Zambia, na fundi akaniletea nyingine iliyotumika, imefungwa kwenye kipande cha gazeti la Kiarabu. Nilipokifungua, harufu ya grisi kuukuu iliyochanganyika na wino ikanipanda puani, na mimi, mama mzima mwenye mashine pale mji mdogo wa Mpemba na wateja kumi na mmoja wanaosubiri na ndoo zao, nikakaa juu ya gunia la pumba nikasahau kwamba duniani kuna watu.

"Dada, presha?" fundi akauliza.

Nikamwambia si presha, ni kuku.

Kwenye kona ya lile gazeti, chini ya mchoro wa wanaume wanene waliovaa tai, alikuwepo kuku mdogo kama tende. Jicho moja, shingo ndefu, mguu mmoja ameuinua kama anayetaka kuvuka barabara. Nilikuwa namfahamu. Mara ya kwanza kukutana naye nilikuwa darasa la nne, na nusura atuache na kiu mtaa mzima.

Nitajitahidi kusimulia taratibu, ingawa utaratibu si sifa yangu. Mama alikuwa akisema nimezaliwa na miguu ya kuazima, ndiyo maana ina haraka ya kurudi kwa mwenyewe. Tulikaa Tunduma, kando ya barabara kuu, pale malori ya kwenda Zambia na Kongo yanapopanga foleni. Foleni ile, kwa makadirio yangu ya kiaminifu, ilikuwa inafika nusu ya njia ya mbinguni. Usiku na mchana honi, moshi, madereva wanapiga mswaki kando ya matairi, na wabadilisha fedha wanapita na mabunda ya kwacha mkononi kama wachezaji karata. Mtoto akitulia mahali kama pale, mpelekeni hospitali.

Mama, Mndali wa Ileje, aliteremka milimani akiwa na karai moja na ujuzi wa maandazi. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Mzee Shabani wa Kondoa, muuza spea za malori, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Beringi. Spea zake zilitoka Dubai, zimeshatumika, na kila moja ilikuja imefungwa gazeti la Kiarabu. Kazi yangu nikitoka shule ilikuwa kuzifungua. Yeye alilipokea kila gazeti, akalinyoosha juu ya goti kama anayepiga pasi kanzu, kisha akalitia kwenye gunia la sukari lililoning'inia kwenye msumari. Hakutupa hata kipande. Mama, aliyekuwa anafungia maandazi kurasa za madaftari yetu ya zamani, gunia lile lilimuumiza roho.

"Mzee, nipe hata kilo moja. Yanaoza hapo bure."

"Mama Tuse, haya maandishi hayafungiwi maandazi. Humo ndani linaweza kuwemo jina la Mungu."

"Mbona yamefungiwa beringi?"

"Aliyefungia beringi ataulizwa yeye. Mimi nitaulizwa ya maandazi."

Sasa, ndugu zangu, mtoto akisikia maneno kama hayo ataelewa nini? Nilielewa kwamba magazeti yale yote ni msahafu, na kwamba kuku aliyekuwa anaonekana kwenye kona karibu kila wiki ni kuku wa mitume. Nilikwenda nikamwuliza mwalimu wetu wa kanisani siku ya Jumapili, kuku yupo kitabu gani? Akaniambia jogoo wa Petro. Nikambishia mbele ya watoto wote kwamba huyu si jogoo, ni tetea, na ana jicho moja. Nilimalizia ibada nje, na mbuzi wa mchungaji.

Mzee Beringi aliposikia alicheka hadi kofia ikaanguka. "Si wa mitume, mjukuu wangu. Ni kuku wa Mpalestina mmoja, mchoraji. Anajiita Abu Dajaja. Yaani Baba Kuku."

Kuanzia hapo akawa ananisomea. Lazima niseme kwamba Kiarabu cha Mzee kilikuwa cha madrasa. Herufi alizisoma kama maji yanayotiririka, maana yake alipata nusu, na nusu iliyobaki aliijaza mwenyewe. Kwa hiyo habari ninayowapa, nusu ni ya gazeti na nusu ni ya Kondoa.

Alisema Baba Kuku alikuwa mtoto wa miaka saba walipofukuzwa kijijini kwao, penye mizeituni. Baba yake alibeba godoro, mama yake akabeba mdogo wake, na bibi yake akabeba kuku kwapani. Walipofika penye waya na askari, kuku akachoropoka, akapita chini ya waya na kurudi nyumbani. Hakuna aliyemwuliza karatasi. Yule mtoto aligeuka akamtazama mpaka akapotea. Akakulia kwenye mahema, akajifunza kuchora juu ya mifuko ya saruji, na alipokuwa mtu wa magazeti aliwachora wakubwa wa kila upande, wa adui na wa kwao: wanakula, wanagawana, wanapeana mikono. Kwenye kona aliweka kuku wa bibi yake. Hasemi neno, anatazama tu. Nchi tatu zilimfukuza kwa sababu ya kuku huyo. Walimwambia, sisi tuchore utakavyo, lakini huyu ndege mtoe. Akawajibu, "Siwezi. Kuku si wangu, ni wa bibi."

Habari hii haikunisumbua hata kidogo kuielewa. Kwetu kuku wanalala Tanzania na kutagia Zambia. Mama Chanda wa Nakonde, mteja wa maandazi wa kila asubuhi, alikuwa na kuku waliovuka mpaka mara nyingi kuliko madereva, bila mhuri wa mtu. Nikaamini Palestina iko hapo mbele kidogo, ukishapita Kapiri Mposhi. Niliwauliza madereva kama wanafika huko. Mmoja, uso mkavu kabisa, akaniambia anafika, ila barabara mbaya.

Basi, tuje kwenye maji. Mtaa wetu ulikuwa na bomba moja, kwenye tangi la saruji lililopakwa chokaa nyeupe, na bomba lilikuwa na ufunguo mmoja, na ufunguo ulikuwa na shingo moja: shingo ya mwenyekiti wa kamati ya maji, ambaye tulimwita Bwana Koki. Alifungua akitaka, alifunga akitaka. Kwanza yalijaa matangi ya gesti yake, kisha sisi tukapata kilichobaki, nacho kilitoka kwa kikohozi. Mama alihitaji ndoo mbili ili akande unga. Bila ndoo mbili hakuna maandazi, na bila maandazi hakuna daftari, kiberiti wala chumvi. Ijumaa moja, mama akiwa amefika mbele ya foleni, Bwana Koki aliisukuma ndoo yake kwa mguu, akaweka ya mpishi wa gesti. Ndoo ikabingirika mpaka barabarani. Mama aliifuata kati ya malori, akaiokota, akarudi mwisho wa foleni. Nyumbani unga ulimsubiri kwenye karai, mkavu, mpaka jioni.

Mimi sikuweza kukaa. Nilikaa nikasimama, nikasimama nikakaa, nikazunguka nyumba mara mia nane.

Jumapili nikasingizia tumbo. Watu walipokwenda ibadani nilitwanga mkaa, nikauchanganya na oili chafu kutoka kwenye kopo la Mzee Beringi, nikaenda kwenye tangi. Nilimchora Bwana Koki ana koki badala ya pua, tumbo kama tangi, ufunguo shingoni mkubwa kama jembe. Akina mama walinishinda kuchora, kwa hiyo nilichora ndoo tu, foleni ya ndoo kuzunguka tangi lote. Na kwenye kona nikamweka kuku, mguu juu.

Jamani, mtaa ulicheka! Watu wasiokuwa na shida ya maji walikuja na ndoo ili wapate kisingizio. Mama Chanda alivuka mpaka makusudi. "Iyee! Inkoko!" yaani kuku, akapiga makofi, akacheka mpaka akakaa ndani ya ndoo yake, tukamtoa watu wawili. Bwana Koki alipofika aliangalia pua yake, akaguna. Akaangalia tumbo, akaguna tena. Lakini alipofika kwenye kona, alisimama.

"Na huyu kuku," akasema, "ananitazama nini?"

Kijana mmoja mwenye mdomo mwepesi akamwambia kuku wa namna hiyo anaishi kwenye gunia la Mzee Beringi. Bwana Koki akaja na mgambo wawili, wakalitoa gunia msumarini na kulimwaga chini, kwenye vumbi. Kuku wakatapakaa kila mahali. Mzee alipiga magoti akaokota karatasi moja moja, akipangusa kila moja kwa kanzu yake, na sikumwona akiinua macho mpaka alipomaliza.

Mkutano wa mtaa ukaitwa. "Banda lako limekaa kwenye uwanja wa mtaa," Bwana Koki akamwambia. "Mpaka Jumamosi, uwe umemtaja aliyechora. Usipomtaja, beba vyuma vyako urudi Kondoa."

"Mwenyekiti, mimi sijui kuchora hata yai."

"Sijasema umechora wewe. Nimesema unamjua."

Mzee alitazama vidole vyangu, ambavyo kucha zake zilikuwa bado nyeusi kwa oili yake mwenyewe. Kisha akatazama juu, kama mtu anayepima mvua.

Wiki ile simwombei hata adui. Nikilala naota ndoo, nikiamka nasikia honi na kudhani ni lori limekuja kumhamisha Mzee. Chakula kilinishinda, nilikuwa nakula maandazi matatu tu, na waliokuwa wananijua wakaanza kuulizana. Siku ya Alhamisi mama aliokota gauni langu la Jumapili, akalinusa. Oili. Hakunipiga. Alichuchumaa mbele ya jiko, akauambia moto, "Nikimpeleka, sitaonja tena maji ya bomba lile. Nisipompeleka, mzee wa watu anaondoka." Na mimi nilikuwa nyuma ya mlango, na miguu yangu ya kuazima, kwa mara ya kwanza, haikutaka kwenda popote.

Ijumaa nilikwenda bandani kufungua spea kama kawaida. Mzee alikuwa ameshika ukurasa mmoja, ameukunjua juu ya goti. Palikuwa na picha ya mwanamume mwenye miwani minene, imezungushiwa mstari mweusi, na chini yake kuku peke yake. Wale wanaume wa tai hawakuwepo. Palikuwa peupe tu, na kuku.

"Baba Kuku amekufa," akasema.

Nikauliza nani kamuua. Akasema hapana, amefia kwenye foleni. Mama yake alikuwa amefariki, naye alikuwa anakwenda kumzika. Wakamsimamisha darajani, mpakani, siku mbili, akisubiri mhuri mmoja. Moyo ukasimama na karatasi zikiwa mkononi. Mtoto wa Tunduma hahitaji kufafanuliwa hilo. Nilikuwa nimeona madereva wanaugua kwenye foleni ile, wanabebwa na wenzao.

Nilitazama ule ukurasa muda mrefu. Chini ya miguu ya kuku palikuwa na mkwaruzo mdogo ambao nilikuwa nimeuona mara nyingi nikadhani ni majani.

"Hiki nini, Mzee?"

"Jina lake. Kila siku alikuwa anatia jina."

"Hata walipokuwa wanamfukuza?"

"Hapo ndipo alipolitia kubwa." Akaukunja ukurasa, akanipa mimi. "Utunze. Mimi gunia langu limeshakanyagwa."

Hakuniomba kitu. Angeniomba ningekimbia.

Jumamosi asubuhi nilikwenda kwenye tangi na mkaa wangu na oili. Foleni ilikuwa imeshajaa. Shuleni tulikuwa tumefundishwa kwamba kazi isiyo na jina, darasa na somo haisahihishwi, unachapwa tu. Kwa hiyo chini ya kuku nikaandika vyote, kwa herufi kubwa: JINA: TUSEKILE. DARASA: LA NNE B. SOMO: KUKU.

Nilisikia ndoo zikinyamaza. Msinicheke, ndoo hunyamaza. Bwana Koki alikuwa nyuma yangu, anasoma. Alisoma mara mbili, akatafuta mtu mzima wa kumgombeza, akaniona mimi na mkaa wangu.

"Wewe?"

"Mimi, shikamoo."

Hakuitikia. Watu wengi mno walikuwa wanamtazama, nadhani na kuku. "Utausugua ukuta huu," akasema, "mpaka urudi mweupe kama ulivyokuwa. Leo hii. Mbele yangu."

Bibi mmoja katika foleni, sikumjua wala sijamjua mpaka leo, akauliza kwa sauti ya upole kabisa, "Kwa maji gani, Mwenyekiti?"

Naapa hata malori yalizima injini. Bwana Koki alishika ufunguo shingoni, akatazama ukuta, akatazama pua yake ukutani. Kisha akainama akafungua bomba.

Nikaanza na jina langu, kwa kuwa niliogopa. Nililisugua kwa nguvu zangu zote, wino ukiwa bado mbichi, likatoka. Nikamwendea Bwana Koki, yeye akawa mgumu kidogo, siku sita zilikuwa zimemkausha. Na maji yakawa yanatiririka. Akina mama wakaanza kusogeza ndoo kimyakimya, kisha madebe, kisha masufuria; mtoto mmoja alileta kikombe. Mwenyekiti hakuweza kufunga, ukuta ulikuwa bado mweusi, na amri ilikuwa yake mwenyewe. Mama akanijia na kipande cha sabuni. Niliinamisha shingo nikingoja kofi. Akaniinamia sikioni.

"Sugua taratibu," akasema.

Nilisugua mpaka saa tisa alasiri, na kwenye kona kuku akawa amebaki doa lisilotaka kutoka. Mtaa ulijaza kila kitu chenye tundu moja. Mzee Beringi alipita na tambara, akanong'ona, "Oili chafu haitoki kwa maji, mjukuu wangu. Inatoka kwa petroli."

"Unayo?"

"Ninayo tele. Hukuuliza."

Mchoraji alikuwa amepatikana, kwa hiyo banda halikuwa na kosa tena, na Mzee akabaki. Siwadanganyi kwamba Bwana Koki aliokoka. Mwezi mzima aliiweka ndoo ya mama mwisho wa foleni. Ila akigeuka, akina mama wenzake waliisogeza mbele, kidogo kidogo, kama kuku anayevuka. Na kila alipotaka kuisukuma ndoo ya mtu kwa mguu, nilimwona anatupa jicho kwanza kwenye kona ya tangi.

Kulikuwa na jambo moja lililonisumbua. Beringi zilizofuata zilikuja na kuku wapya. Nikamwuliza Mzee, mbona amekufa na bado anachora? Akajibu bila kuinua kichwa, "Magazeti yanachelewa, mjukuu wangu, kama malori." Nikaridhika. Kwetu jibu hilo linatosha kwa kila kitu.

Miaka ikapita. Mzee alirudi Kondoa mwenyewe, kwa hiari yake, akazikwa huko. Mimi nikaolewa, nikanunua mashine, nikarudi darasani ukubwani, masomo ya jioni, nikiwa na watoto wawili na unga kwenye nyusi. Darasani tulikuwa na mwenzetu aliyekuwa anafundisha Kiarabu chuoni. Siku moja nikampelekea ule ukurasa. Akausoma, akauliza nimeupata wapi.

Kuku, bibi, waya, mahema, nchi tatu, daraja: yote yalikuwemo. Mzee hakuwa amejaza kama nilivyodhani. Lakini ule haukuwa ukurasa wa kifo, ulikuwa wa kumbukumbu ya kifo. Baba Kuku alikuwa amefariki miaka mingi kabla mimi sijazaliwa, na gazeti lake liliendelea kuichapa michoro yake ya zamani kila wiki, kwa kuwa wanaume wa tai hawakuwa wamebadilika. Na Mzee alijua. Herufi zilimpa nusu ya maana, lakini tarehe hazikumshinda.

Nilipokuwa narudi nyumbani nikaunusa ule ukurasa. Kila gazeti la Mzee lilinuka grisi. Huu haukuwa na hata tone. Ulikuwa na mikunjo minne, mikavu, ya miaka, ya kitu kinachokaa kwenye mfuko wa kanzu. Haukufungia beringi yoyote. Haukuja Ijumaa ile. Alikuwa nao siku zote, akaukunjua siku aliyonihurumia, sijui kwa ajili ya banda lake au kwa ajili ya miguu yangu iliyogoma kutembea, akaniacha niamue. Mtoto wa darasa la nne aliona mzee anasoma gazeti.

Na kuku wa wiki iliyopita? Nimemtazama vizuri. Mistari ni minene zaidi, mkia umekunjwa vingine. Mkono uliomchora si ule. Chini ya miguu pana jina, na ingawa siwezi kulisoma, naona si lile.

Bomba la mtaani kwetu limeshahamishwa. Tangi limepakwa chokaa mara nne kwa hesabu ya kawaida, mara arobaini kwa hesabu yangu. Lakini oili ni oili. Masika yakifika, ukuta ukilowa, kwenye kona hutokea doa la kahawia lenye shingo, na mguu mmoja umeinuka. Jina langu halitokei. Lile nilikuwa nimelisugua vizuri.

Jumapili nitapita pale. Mkaa ninao.